Kiwako Hirobe na Mbegu za Kopo la Chai

Marehemu Kiwako Hirobe, Buddha Amida ampokee, alikuwa mtu ambaye ukimpa salamu anaigeuza kwanza aone kilichofichwa chini yake. Ndivyo majirani walivyomsema katika mtaa wa nyuma ya hekalu, mjini Tsu, naye alijua kwamba wanamsema hivyo, kwa sababu walipokuwa wakisema alikuwa amesimama nyuma ya ua akisikiliza.

Haikuwa roho mbaya, ilikuwa kazi. Tangu alipomaliza shule hadi alipostaafu alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha kufuma vitambaa vya pamba. Jora zima lilipita mbele yake juu ya meza ya kioo iliyowashwa taa chini, naye akitafuta uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta. Akiona kasoro anafunga kipande cha uzi mwekundu pembeni, na jora linaendelea kupita. Miaka thelathini na minane ya kazi hiyo humwondolea mtu uwezo wa kutazama kitu kizima akaridhika. Sokoni alifunua mashavu ya kila samaki. Mwuza tofu alipomwongezea kipande cha bure, hakulala vizuri wiki nzima akiwaza kipande kile kilikuwa na ubaya gani.

Aliolewa na mtu wa kumfaa. Jusaku Hirobe alikuwa fundi wa milango ya karatasi, mpole, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na siri moja iliyokaa ndani ya kopo la chai. Siri hiyo ilikuwa mbegu za asagao.

Asagao kila mtu anaipanda. Kila mtoto wa darasa la kwanza hupewa chungu na kijiti. Mmea unatambaa, ua la umbo la tarumbeta linafunguka alfajiri, na kabla ya chakula cha mchana limenyauka. Asagao ya Jusaku ilikuwa mambo mengine. Majani yake yalikuwa membamba kama sindano za msonobari, yamejisokota. Ua lake lilichanika nyuzi nyuzi, zambarau iliyopauka, na katikati yake lilichipuka ua jingine, na ndani ya hilo jingine, kama fataki iliyosimama angani ikakataa kuzimika. Mgeni angeapa kwamba hilo si asagao, na kwa watu wa chama cha maua hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Kila Agosti, kwenye maonyesho ya chama katika uwanja wa hekalu, Jusaku alipeleka vyungu viwili na kigoda. Alikaa kando ya vyungu vyake tangu saa kumi na moja alfajiri, na hakwenda msalani mpaka Kiwako afike kumshikia zamu. Watu walimwomba mbegu kwa miaka thelathini. Aliinama, akacheka, akasema mwaka huu hazikutosha. Kila mwezi wa tano, akishapanda, mbegu zilizobaki alizitia kwenye jiko la mkaa zikaungua mpaka zikawa majivu. Miche aliyoing'oa aliitupa kwenye lundo nyuma ya nyumba na kuimwagia maji ya moto.

"Mbegu moja ikitoka nje ya ua huu," alisema, "ua si letu tena."

Aliyeomba kuliko wote alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Eikichi Kusunose, dereva wa treni mstaafu, mtu aliyefika kila mahali dakika mbili kabla ya wakati na kusimama mlangoni akisubiri dakika hizo ziishe. Yeye naye alipanda asagao, za kuridhisha, zisizoshangaza mtu. Kiwako alimshuku tangu siku waliyohamia. Mtu asiyechelewa hata mara moja, alisema, lazima ana kitu anachokikimbia.

Jusaku alifariki mwezi wa pili, ndani ya bafu, maji yakiwa bado ya moto. Hapakuwa na kuugua wala kuaga. Kiwako alikaa mbele ya madhabahu ya nyumbani siku arobaini na tisa za matanga akilitaja Jina la Amida, na siku zilipotimia alisimama na ahadi moja tu: kwamba Bon ya kwanza ya mume wake, siku zile za Agosti ambapo wafu hukumbukwa, ua lake litakuwa mbele ya picha yake; na kwamba halitakufa mkononi mwake.

Mwezi wa tano alifungua kopo. Ndani mlikuwa na bahasha moja, haina maandishi. Alikwaruza mgongo wa kila mbegu kwa tupa kama alivyomwona Jusaku akifanya, akazipanda zote, hata moja hakubakiza, maana mbegu iliyobaki ni mbegu ya kuibwa.

Baada ya siku sita miche ilichomoza, na macho ya mkaguzi yakafanya kazi yake. Mingi ilikuwa na majani mawili ya kwanza manene, yaliyopasuka kama kwato za ng'ombe, sawasawa na asagao ya mtoto yeyote wa shule. Sita tu ilikuwa na majani membamba yaliyojipinda. Alikwisha kumwona Jusaku kila mwaka amepiga magoti na kibano akichagua na kung'oa. Hakuwahi kumwuliza anang'oa ipi. Alidhani jibu liko wazi.

Alikuwa ameshika kibano hivyo hivyo wakati kichwa cha Kusunose kilipotokeza juu ya ukuta.

"Habari za asubuhi, jirani. Naona imeota."

"Umeionaje kutoka huko?"

"Nina shingo ndefu," alisema Kusunose. "Sikiliza, Bibi Kiwako. Usichukie. Ile isiyo na sura, ile ya kawaida, usiing'oe yote. Iache ikue. Iache mingi."

"Kwa nini?"

Kusunose alijikuna sikio. "Ndiyo mama yao."

"Mama wa nani?"

"Wa hiyo mingine. Jusaku hakukwambia?"

Swali hilo lilimwuma kuliko alivyotaka kuonyesha. "Mume wangu aliniambia kila kitu," alisema. "Asante kwa wema wako, Mzee Kusunose. Treni yako isije ikakuacha."

Kichwa kilishuka. Kiwako alibaki akiwaza. Mtu ameomba mbegu miaka thelathini akanyimwa. Mwenye mbegu amekufa. Sasa anamshauri mjane apoteze mbolea, vyungu na maji kwa magugu, ili ile sita ikose nafasi na kufa. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi mno. Kabla jua halijapanda aling'oa kila mche wenye kwato, akautupa kwenye lundo, akachemsha birika mbili na kuzimimina juu yake, polepole, upande wa ukutani, ili shingo ndefu ipate kuona vizuri.

Miche miwili kati ya sita ilikufa kwa mvua za Juni. Minne ilikua. Na siku ya Bon, alipofungua madirisha ya mbao alfajiri, maua matatu yalikuwa yamechanua kwa pamoja. Alikibeba chungu mpaka mbele ya madhabahu akakiweka juu ya mkeka. Kasisi alipokuja kusoma sutra, maandiko matakatifu, alisimama kidogo kabla ya kuanza. Wanachama walikuja na ubani, wakainama kwa picha, kisha kwa ua, na baadhi yao waliinama kwa ua muda mrefu zaidi. Kusunose alikuja dakika mbili kabla ya saa tatu. Alilitazama ua, akamtazama Kiwako, akafungua mdomo, akaufunga.

Kiwako aliuona mdomo ule, akauweka akilini.

Septemba iliingia na vifuko vya mbegu havikuonekana.

Mwanzoni hakujali, kisha akajali sana. Alijua kwamba asagao ikishanyauka huacha kifuko cha mviringo, kijani, kinachokauka na kuwa rangi ya majani ya chai. Kwenye vyungu vyake hapakuwa na kitu. Ua linaanguka, shina linabaki tupu. Basi kuna mtu anaingia. Anaingia mapema, anakinyofoa kifuko kikiwa kidogo kama punje ya mchele, anatoka. Mtu gani anaamka mapema hivyo na hachelewi kamwe?

Alifunga uzi mweusi kwenye lango, chini, usawa wa kifundo cha mguu. Alinyunyiza pumba za mchele kwenye njia ya bustani. Siku ya tatu uzi ulikuwa umekatika na pumba zilikuwa na alama za viatu, zimekwenda mpaka kwenye vyungu na kurudi. Kiwako alizipima kwa mkanda wa kushonea, na mkwe wake Mutsumi alipotokea ukumbini na mfuko wa matunda ya kaki, kitu cha kwanza alichoambiwa ni kunyanyua mguu.

"Mama, nimekuja tangu saa moja. Ulikuwa umelala, sikutaka kukuamsha."

"Nyanyua na wa pili."

Mutsumi alinyanyua. Alikuwa muuguzi, alizoea wazee. "Nilikwenda kutazama maua ya Baba. Ni kosa?"

"Umegusa nini?"

"Nimegusa pumba zako. Soksi zangu zote zimejaa pumba." Alikaa kwenye kizingiti akaanza kujipangusa. "Mama, nani atakuja kuiba ua? Watu siku hizi wanaiba baiskeli."

"Mwizi wa baiskeli hana akili. Huyu anayo."

"Mzee Kusunose?"

"Mimi sijataja jina."

"Yule mzee anavua kofia hata akipita mbele ya paka."

"Ndio hao," alisema Kiwako.

Kwa kuwa pumba zilimkamata mtu asiyefaa, alirudi kwenye njia aliyoijua tangu ujana. Alichukua uzi mwekundu, na kila ua lililochanua alilifunga kipande kwenye kikonyo, kama alivyofunga kando ya kasoro kiwandani. Mtu akinyofoa kifuko, atachukua na uzi, au atauacha umefungika patupu. Vyovyote vile ushahidi utabaki. Tena kila alfajiri alikaa nyuma ya mlango uliofunguliwa inchi mbili, blanketi magotini, akitazama.

Hakuja mtu. Siku ya tano, mbele ya macho yake, ua lililonyauka lilidondoka lenyewe. Alitoka akaliokota. Uzi mwekundu ulikuwa bado umefungwa kwenye kikonyo, na kikonyo chote kilikuwa kimetoka na ua, kikavu, hakina kifuko juu yake wala dalili ya kifuko. Chini ya chungu aliyapata mengine manne hali hiyo hiyo.

Aliketi pale pale chini. Kisha aliingia ndani, akatoa kioo cha kukuzia cha Jusaku, akakata ua bichi la asubuhi ile kwa wembe, kutoka juu mpaka chini, akalitandaza juu ya karatasi.

Shuleni alifundishwa sehemu za ua kama kila mtu. Kuna nyuzi zenye chavua, na kuna kijiti cha katikati kinachoipokea, na chini yake ndipo mbegu zinapofanyika. Katika ua la Jusaku palipotakiwa nyuzi za chavua palikuwa na petali. Palipotakiwa kijiti palikuwa na petali. Alizidi kuzitenganisha kwa ncha ya kibano, petali nyuma ya petali, mpaka akafika kwenye kikonyo, na hakukuta kitu kingine. Ua lilikuwa limetumia vyote kwa urembo. Halikuzaa, wala halikuwahi kuzaa hata mwaka mmoja.

Kwa hiyo mbegu za kopo la chai zilitoka wapi miaka yote?

Jibu alilijua kabla hajamaliza kuuliza. Zilitoka kwenye ile isiyo na sura. Kila mwaka Jusaku alipanda, nyuma kabisa, pembeni ya choo, asagao za kawaida ambazo Kiwako alidhani ni za kuficha ukuta. Hizo ndizo zilizobeba ua lile ndani yao bila kulionyesha, na katika watoto wao, wachache walitoka na majani yaliyojipinda. Mama alikuwa kwenye lundo, amechemshwa. Kiwako mwenyewe ndiye aliyemwaga birika.

Na Jusaku hakumwambia. Hilo ndilo lililomliza, peke yake jikoni, kioo mkononi. Ndoa ya miaka arobaini na sita, amemshikia zamu kwenye kigoda kila Agosti, na bado kuna mlango mmoja ambao hakumfungulia hata yeye. Labda alidhani muda upo. Au alimhesabu pamoja na wengine. Hakuna wa kumwuliza.

Siku ile hakula. Jioni, akiwa mbele ya madhabahu, wazo lilimjia ambalo hakuwahi kuwa nalo maishani. Alitamani awe ameibiwa.

Kesho yake asubuhi alinunua boksi la maandazi ya maharage matamu, kwa maana mtu haendi mikono mitupu, akabisha mlango wa Kusunose. Mzee alifungua akiwa amevaa aproni.

"Bibi Kiwako. Karibu, karibu. Kuna tatizo la ukuta?"

"Hakuna tatizo la ukuta."

Aliketishwa, akapewa chai, akaitazama chai ndani, akainywa. Kusunose alikaa mbele yake magoti yamebanwa.

"Mzee Kusunose," alisema Kiwako, "uliwahi kutuibia?"

Masikio ya mzee yaligeuka mekundu papo hapo. "Jirani. Miaka thelathini na mitano nimeendesha treni. Hata mwavuli uliosahauliwa sijachukua."

"Sikuulizi mwavuli."

"Mimi ni mtu wa heshima katika mtaa huu. Ni mhazini wa chama."

"Najua. Ndiyo maana nimekushuku muda wote huu." Aliweka kikombe chini. "Leo sijaja kukushitaki. Nimechemsha mama zao wote, uliniona. Nyumbani kwangu hakuna mbegu hata moja. Nimekuja kukuomba uwe mwizi. Tafadhali. Kama hukuiba, ua la mume wangu limekwisha, na mimi ndiye niliyelimaliza." Kisha aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Saa ya ukutani ilikwenda. Ilikuwa saa sahihi sana, na Kiwako alisikia kila sekunde yake.

"Ile tufani," mzee alisema mwisho, "miaka tisa iliyopita. Iliangusha ukuta wa mianzi tuliokuwa nao kabla ya huu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mmea mmoja ulilalia upande wangu. Wa kawaida, usio na sura. Ulikuwa na vifuko vikavu. Upepo ndio ulioleta."

"Na upepo ndio uliofungua vifuko?"

"Hapana," alisema. "Vifuko nilifungua mimi."

Kiwako aliinua kichwa.

"Nimeipanda nyuma ya bafu kila mwaka, chini ya pazia la matete," Kusunose aliendelea, akiongea na mkeka. "Sijaipeleka maonyesho hata siku moja. Marehemu mke wangu hakujua. Ua lenyewe likichanua natazama peke yangu, halafu naona haya, nalikata. Jusaku alipokufa nilitaka kukuletea. Lakini ningesema nimepata wapi? Nikakwambia usiing'oe ile ya kawaida, ukachemsha birika. Siku ya Bon nilitaka kusema, watu walikuwa wengi. Tangu hapo naacha mlango wangu wa nyuma bila kufungwa. Nilifikiri siku moja utaingia kupekua, uzikute, tumalize."

"Mimi niingie nyumba ya mtu kupekua?"

"Jirani, niliwahi kukukuta unapekua takataka zangu."

"Ile ilikuwa zamani," alisema Kiwako.

Kasisi wa hekalu letu hupenda kuhubiri kwamba rehema ya Amida humfikia kwanza mtu mbaya, kwa kuwa mtu mwema anadhani hana haja nayo sana. Kiwako hakuwahi kulipenda fundisho hilo. Aliliona lina uzi uliokatika mahali fulani. Lakini asubuhi ile, mbele ya dereva wa treni aliyekuwa akilia ndani ya aproni yake, aliunganisha viganja na kulitaja Jina, na hakuwa akijiombea yeye peke yake.

Kusunose alileta mbegu ndani ya kijisanduku cha dawa. Alitaka kumpa zote. Kiwako alizimwaga juu ya meza, akazigawa kwa kidole katikati, akamsukumia nusu.

"Hizi ni zako. Kwa ruhusa."

"Chama wakiniuliza?"

"Waambie mjane alikosa akili."

Usidhani alitoka pale akiwa mtu mwingine. Njiani tu, hatua kumi na tano kutoka mlango hadi mlango, alianza kuwaza kwamba huenda mzee amempa mbegu za sokoni. Majira yote ya baridi aliwaza hivyo. Alizitazama kwa kioo, akalinganisha weusi wake, akazinusa. Mwezi wa tano alizikwaruza, akapanda nusu na kuhifadhi nusu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika nyumbani humo, na kwa siku sita hakuwa na hamu ya chakula.

Siku ya saba Mutsumi alikuta mama mkwe wake amepiga magoti bustanini, viganja vimeunganishwa. Katikati ya kwato nyingi za ng'ombe kulikuwa na miche mitatu yenye majani membamba yaliyojipinda.

"Mama, ndiyo hiyo?"

"Ndiyo. Piga magoti, uone karibu." Alimpa kioo. "Hii mitatu ni ya kutazamwa. Haizai. Hii mingine yote, ya kawaida, ndiyo ya kutunzwa, kila mmoja chungu chake, na mbegu za kila chungu bahasha yake. Hujui upi umebeba na upi haukubeba mpaka uone watoto wake. Using'oe hata mmoja. Umesikia?"

"Nimesikia." Mutsumi alitazama muda mrefu, kisha akamgeukia. "Baba hakumwambia mtu. Mbona wewe unaniambia?"

Kiwako alichoma kijiti cha mwanzi kando ya mche usio na sura, akaufunga taratibu kwa uzi.

"Mzee Kusunose ana miaka themanini na moja," alisema. "Hatadumu. Nitahitaji mtu mwingine wa kumshuku."